Mzigo Uko Igalula

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Sokoni ninakouza asali wananijua: chovya kidole kwenye dumu langu bila kuniuliza, utakiona cha mtema kuni. Sasa mtu wa namna hiyo awekewe mtu mmoja, katika dunia nzima, ambaye haruhusiwi kumkasirikia. Huyo ndiye mtani wetu, Mzaramo anayeishi Ipuli, hapa hapa Tabora, na ndiye aliyeshika mateka mazabodi ya kompyuta ya mdogo wangu wakati mdogo wangu hana muda wa kusubiri.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa na kibanda karibu na soko, na steshenari nyingi za mjini zikikwama zilimwita yeye. Alitengeneza mashine za watu wote: za studio ya kwaya, za shule, za vijana wa magemu. Yake mwenyewe hakuwa nayo. Ukimuuliza, anakwambia, "Dada, kinyozi hajinyoi." Kisha moyo ukaanza kumsumbua. Daktari akasema umetanuka, apumzike, asinyanyue kitu, chumvi aache, apunguze mwendo. Tukafunga kibanda, nikamhamishia kwangu Cheyo, chumba cha mbele, apate hewa. Akitoka kitandani kwenda uani alikuwa anasimama njiani kushika ukuta, anajifanya anaangalia picha zilizotundikwa. Daktari alikuwa amenivuta pembeni akaniambia ukweli, na mdogo wangu akausoma usoni mwangu nilipotoka. Hatukuuzungumzia. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua.

Ndipo kinyozi akasema anataka kujinyoa. Anataka mashine yake mwenyewe, aliyoichagua kipande kwa kipande, na aione inakimbia.

"Na si kukimbia tu," akasema. "Nataka kuiovakloki."

Nikamuuliza hicho tena ni kitu gani. Akanieleza kwamba kila prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, aliyeitengeneza ameipangia kasi yake. Wewe unaingia kwenye mipangilio yake, unaiongezea umeme kidogo, unaiongezea kasi kidogo, unatazama kama inavumilia. Ikivumilia unaongeza tena, mpaka inakimbia kuliko alivyopanga mwenyewe aliyeiunda.

"Na wewe umeambiwa upunguze mwendo," nikamwambia.

"Basi angalau kimoja humu ndani kikimbie."

Nikaenda jikoni kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Kuchagua vipande vya kompyuta nilidhani ni kama kuchagua sufuria. Thubutu! Alikaa kitandani ameegemea mito, simu mkononi, akatazama picha za vyuma asubuhi hadi jioni kama msichana anayetazama vitambaa vya harusi. Prosesa alikuwa nayo tayari, aliitunza muda mrefu kwenye kopo la majani ya chai, imelala juu ya kipande cha sponji. Ilikuwa ya aina inayokubali kuongezwa kasi. Nyingine, alisema, zimefungwa tangu kiwandani, hata uzibembeleze hazisogei. Sasa vitu vingine vyote vilitakiwa viifuate hiyo. RAM, vile vibao vya kumbukumbu, ziwe mbili pacha. Feni iwe ya maana. Pawa saplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, alinituma mjini kwa Mhindi mmoja muuza vifaa vya umeme, nikaleta nilichopewa. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akaniangalia.

"Nyepesi hii, dada. Nyepesi inasema uongo. Irudishe."

Nikairudisha huku nasonya njia nzima. Mwenye duka akacheka, akanitolea nzito, nikaibeba kichwani mpaka Cheyo na jua lile la Oktoba, maembe bado mabichi na vumbi limejaa hewani.

Ilipofika zamu ya mazabodi akasema hapo hataki mchezo kabisa. Hilo ndilo bamba kubwa ambalo vipande vyote vinachomekwa juu yake. Akanionyesha picha, akaikuza kwa vidole. Pembeni mwa kitako cha prosesa kulikuwa na vijumba vidogo vyeusi vimepangana.

"Umeme unapita hapa kwenda kwenye prosesa," akasema. "Vikiwa vichache, na havina chuma cha kuvipoza, ukiongeza kasi vinaungua vyenyewe kwanza. Vinabebeshwa mzigo usiokuwa wao."

Halafu akasogeza picha, akaanza kuniambia bei ni mbaya lakini inavumilika.

Bodi aliyoichagua Tabora haikuwepo. Kariakoo ilikuwepo. Na mtu wa kwenda Kariakoo na kurudi kwa treni na mizigo ya vyombo vya kuuza alikuwa mmoja tu, mtani.

Kwa asiyejua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mababu zetu walitoka huku na pembe za ndovu mabegani, wakatembea mpaka pwani, wakawakuta Wazaramo, na badala ya kupigana wakaanza kutukanana kwa mapenzi, nasi tukayarithi matusi hayo. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo wako. Anaweza kukuita jina lolote mbele ya wakwe. Ukinuna, aliyekosa adabu ni wewe. Na siku ya msiba wako, mtani ana kazi kuliko ndugu wa damu: awachekeshe wafiwa, adai chake kabla jeneza halijatoka. Mimi nimekua nayo hiyo, naijua, na bado inanitoa jasho.

Kabla mtani hajasafiri, mdogo wangu akanishika mkono.

"Asijue ninaumwa. Mwambie ni uvivu."

"Kwa nini asijue? Akijua atawahi kurudi."

"Akijua ataacha kunitania. Nitabaki na nyinyi wenye sura za matanga."

Nikamwapia. Ningefanyaje?

Mtani akaenda, bodi akaipata, na mdogo wangu akampigia simu akiwa bado Dar, akamwambia kwamba mambo yamegeuka, mababu zetu walibeba mizigo kwenda pwani na leo Mzaramo ndiye mpagazi wa Mnyamwezi. Alicheka hadi akakohoa. Siku ya treni kufika, simu ikalia asubuhi. Mdogo wangu akaiweka sauti ya juu ili nami nimsikie mtani, treni ikiwa Igalula, karibu kuingia Tabora.

"Hodi kwa wabeba mizigo! Mzigo uko Igalula! Andaeni jogoo!"

Mdogo wangu akaniomba shati safi. Akakaa kwenye kiti amelivaa, amechana nywele, meza ameisafisha kwa kitambaa, bisibisi zake amezipanga. Mchana ukapita. Alasiri ikapita. Mtani hakutokea. Jioni akapiga simu: mpagazi hajalipwa, kwa hiyo mzigo hautui. Bodi iko kwake Ipuli. Ameitundika sebuleni kwenye msumari na ameifunika kanga, maana sasa ni mwali, na mwali wa Kizaramo hatolewi ndani bila ngoma.

Mdogo wangu alivunjika mbavu. Mimi damu ilinichemka. Nikashika jogoo wangu mkubwa, nikapanda bodaboda hadi Ipuli.

"Mwangaluka, mpagazi mwanamke!" mtani akanipokea kwa salamu ya Kinyamwezi, amekaa barazani anamenya chungwa.

Nikamtupia jogoo. Akampima kwa mkono, akasema huyu amefupika kwa kubeba mizigo, huyu ni wa salamu tu, wa bodi bado. Kisha akatoa sharti lake: mwenye mali aje mwenyewe kwa miguu yake, aitwike bodi kichwani kama babu yake, ndipo itoke.

Kwa miguu yake! Mtu anayepumzika mara mbili kati ya kitanda na uani!

Nilifungua kinywa. Naapa nilikuwa nayo yote ulimini: moyo, daktari, kila kitu. Nilitaka kumwambia, wewe mjinga, unacheza na siku za mtu. Lakini nikaikumbuka ile sura juu ya mito ikicheka, na nikajua nikisema tu, kicheko kile kimekwisha na mimi ndiye niliyekiua. Nisiposema, bodi inabaki imetundikwa kwenye msumari. Nikasimama pale kama nguzo. Mtani akadhani nimeishiwa matusi, akanihurumia, akanipa chungwa moja. Nikalipokea. Nilirudi Cheyo nalo mkononi, nalia ndani ya kofia ngumu ya bodaboda.

Zikapita siku. Kila asubuhi simu inalia, Ipuli inatukana Cheyo, Cheyo inajibu. Mdogo wangu alikuwa akiamka anatafuta tusi kabla hajatafuta dawa. Miguu ilianza kuvimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilikuwa naikanda kwa maji ya vuguvugu huku yeye juu anamwambia mtani kwamba Mzaramo ameuza shamba la minazi akanunua ngoma, na sasa anataka kuoa mazabodi. Nilimchukia mtani kwa moyo wangu wote, na nilimwomba Mungu asiache kupiga simu. Sijui kama sala ya namna hiyo inapokelewa.

Asubuhi moja mdogo wangu akasema, "Niitie bajaji."

Nikakataa. Akasema ataenda kwa mguu. Nikaita bajaji.

Alivaa koti lake la kazi, lile la bluu lenye mifuko ya bisibisi, ingawa lilikuwa limempwaya. Tulipofika Ipuli akashuka mwenyewe, akaukataa mkono wangu. Kutoka barabarani hadi baraza la mtani si mbali, mtoto angekimbia. Yeye akatembea, akasimama, akatembea. Mtani alikuwa amejiandaa mlangoni, mikono kiunoni na tusi tayari. Nikauona uso wake ukibadilika. Alimtazama usoni, akamtazama miguu iliyojaa kwenye kandambili, akanitazama mimi. Mdogo wangu akafika, akakaa kwenye ngazi, hawezi kusema, anavuta pumzi tu, macho yake yanamsihi mtani.

Kisha mtani akapiga makofi.

"Tazameni Mnyamwezi! Mizigo imeshuka mpaka miguuni!"

Mdogo wangu akacheka. Hana pumzi, lakini akacheka, machozi yanamtoka. Mtani akaingia ndani, akaitoa bodi na kanga yake, akaitwika kichwani yeye mwenyewe, akaipeleka kwenye bajaji huku anacheza mdundo wa kumtoa mwali. Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nyuma ya bajaji nilipomsikia ananong'ona.

"Tangu lini, mtani?"

"Ameniapisha."

Akaifunga vizuri ile kanga kwenye bodi. "Basi mimi sijaona kitu," akasema.

Kuanzia siku hiyo alikuwa anakuja kwangu kila siku, na hakuna siku aliyokuja bila tusi jipya.

Mashine tuliifunga mezani kwangu, mikono ikiwa yangu na akili ikiwa yake, maana vidole vyake vilikuwa vinatetemeka. Mimi niliyezoea kukamua masega nikaambiwa nishike prosesa kwa pembe zake tu, nisiguse chini. "Usiisukume, dada. Iweke tu, itashuka yenyewe." Ikashuka. Nikapaka juu yake tone la ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, nikafunga feni, nikachomeka RAM mpaka zikalia tak. Mtani aliketi pembeni akisema hajawahi kuona Wanyamwezi wengi hivi kwenye mzigo mdogo hivi. Tukawasha. Feni zikazunguka, kioo kikawaka, na mdogo wangu akaweka kiganja juu ya kasha, akakiacha pale.

Ilikuwa inafanya kazi, lakini kwa kasi ya kawaida. Yeye alikuwa na kasi yake kichwani, namba aliyoitaka. Basi tukaanza kupanda. "Ongeza kidogo," anasema, nami naongeza. Inawaka, anaipa kazi nzito, tunatazama joto. "Ongeza kidogo." Tukafika mahali, karibu kabisa na ile namba, mashine ikazima. Pap! Tukawasha, tukarudi nyuma, tukapanda tena polepole. Ikazima palepale. Tukafungua madirisha, tukaweka feni ya mezani mbele ya kasha, tukajaribu alfajiri kabla jua halijashika bati. Ikazima palepale.

"Inajizima yenyewe ili isiungue," akasema. "Ina akili kuliko mimi."

Hapakuwa na cha kufanya. Mimi ambaye ningeweza kugombana na soko zima nilikuwa nimekaa mbele ya sanduku la chuma, na nyuma yangu mtu anapumua kwa taabu, na kati ya hivyo viwili sikuwa na uwezo juu ya hata kimoja. Nilibonyeza nilichoambiwa nibonyeze.

Akasema bodi haina kosa, ni feni ndogo. Kuna ya kupozea kubwa, yenye mabomba ya shaba, ikipatikana hiyo itapita. Kabla sijauliza ipo wapi, mtani akainuka.

"Nakwenda Dar kesho," akasema. "Si kwa ajili yenu. Nimechoka kula viazi vyenu vikavu, matobolwa ya Tabora, nafuata nazi."

Hakuwa na safari. Mzigo wa vyombo alikuwa ameuleta juzijuzi tu, bado haujauzwa. Mdogo wangu akajua, nami nikajua.

"Mpagazi," mdogo wangu akamwita akiwa mlangoni. "Safari hii usichelewe na mwali."

"Jogoo awe mrefu," mtani akajibu, akatoka upesi.

Mdogo wangu alifariki asubuhi ya siku ambayo treni ilikuwa inaingia. Alikuwa amekunywa uji nusu kikombe, akaniomba nimwinulie mto, nikamwinulia, na nilipomaliza kuuweka sawa alikuwa ameshaondoka. Hivyo tu. Nilibaki nimeushika ule mto. Majirani walisikia sauti yangu wakaja, nyumba ikajaa, wanawake wakaanza kulia, mwingine akanivua kandambili, sijui kwa nini. Katikati ya hayo simu ya mdogo wangu ikalia juu ya kasha la kompyuta.

Nikaipokea mimi.

"Hodi kwa wabeba mizigo! Mzigo uko Igalula, bomba za shaba tupu! Andaeni..."

Akasikia kilio nyuma yangu. Nikasikia treni kwake.

"Mtani?" akasema.

"Njoo," nikamwambia.

Alikuja na boksi lake mkononi, akakaa nalo kwenye kona ya ua usiku kucha na asubuhi yake, hakusema neno. Watu wakaanza kunung'unika. Mtani anakaa kimya kama mfiwa? Kazi yake nani amfanyie? Nilimtetea moyoni tu.

Siku ya mazishi, mchungaji alipomaliza sala nyumbani na vijana wakainua jeneza, mtani akatoweka. Aliporudi alikuwa amevaa koti la bluu la mdogo wangu, bisibisi mifukoni, na ule mzigo wake kichwani. Akaja anatembea, anasimama, anashika ukuta, anajifanya anaangalia picha, anatembea tena. Alikuwa mdogo wangu kabisa. Watu wakapiga kelele za kicheko na kilio pamoja. Akafika mlangoni, akakaa kwenye kizingiti, akanyoosha miguu kuziba njia.

"Mpagazi hajalipwa," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Mzigo hautoki."

Wakamtupia sarafu, akazirudisha. Wakamletea kuku jike, akamtukana yule kuku. Vijana wamesimama na jeneza mabegani, mchungaji anatazama saa, na uani wanawake wamejifunga kanga wanamkimbiza jogoo wangu wa mwisho. Wote wanacheka sasa, hata mama zetu wakubwa. Nami nilikuwa namsikia yule jogoo akipita chini ya madumu yangu, akiruka ukuta, akirudi, nikawa namwombea. Kimbia, mwanawane. Usishikwe.

Kwa majuma yale yote nilikuwa nimemwomba Mungu mtani aachie mzigo. Leo nilitaka akatae. Jogoo awe mfupi, awe mwembamba, awe wa salamu tu, akae hapo mlangoni mpaka kesho, mpaka masika, asipishe.

Wakamshika. Wakamleta anapiga mabawa. Mtani akampokea, akampima kwa mkono, na badala ya kumtazama jogoo akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa: hapana. Aliona. Akawa anatafuta tusi, tusi lolote, na halikuja.

Mchungaji akakohoa.

Mtani akamkumbatia jogoo kifuani, akainuka, akapisha.